Mipira Haijui Kujumlisha

Kinyozi alifungua kibanda, akafagia nywele za jana, akawasha redio. Mteja wa kwanza alikuwa ameshakaa, shuka shingoni. Lakini kinyozi alisubiri kwanza matokeo ya bahati nasibu.

"Thelathini na sita!" alisema. "Tatu na sita, tisa. Tisa tena! Nawaambia, safari hii nimeishika mkia."

Mteja alicheka. Mtaani kinyozi walimwita Profesa. Yeye hakucheka. Kwa miezi mingi alikuwa akijumlisha tarakimu za kila namba iliyotoka. Karibu kila alichopata kilikwenda kwenye tiketi, hata hela ya matone ya macho ya mama yake.

"Mama, vumilia kidogo," alimwambia. "Wiki hii tunatoka kwenye shida."

Mama alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo haukumuuma, basi hakulalamika. Siku moja alimimina chai nje ya kikombe, ikamchoma mapaja. Mke wa kinyozi akamkimbiza hospitali. Walirudi jioni.

"Jicho la kushoto limekwenda," mke alisema. "Daktari anasema halirudi. Matone yangelilinda."

Kinyozi akasema, "Nikishinda, tutampeleka kwa daktari mkubwa."

Mke alimtazama kama mtu asiyemjua. Akatoka kumwita jirani yao, mwalimu wa hesabu.

Mwalimu hakumgombeza. "Shemeji, mipira ya bahati nasibu ni arobaini na tisa, kila mmoja na namba yake. Nitajie yenye jumla ya tisa."

"Tisa, kumi na nane, ishirini na saba, thelathini na sita, arobaini na tano."

"Mitano. Na yenye jumla ya moja?"

Kinyozi alifikiri. "Moja. Na kumi. Basi."

"Ndiyo maana tisa unaiona mara nyingi. Mipira yake ni mingi, hakuna siri. Lakini ukichukua mmoja mmoja, kila mpira una nafasi ileile. Thelathini na sita haina nafasi zaidi ya kumi hata chembe. Mipira haijui kujumlisha, wala haikumbuki ya jana."

"Kwa hiyo miezi yote hii..."

"Ulikuwa unajumlisha hewa."

Kinyozi alijifunika uso. "Na jicho la mama?"



Tangu siku hiyo, mapato ya kibanda anayashika mke. Matone hununuliwa kwanza, kabla ya unga. Redio ikitangaza matokeo, kinyozi huizima.

Baada ya muda walikwenda kliniki. Daktari alipima jicho la kulia. "Limebaki palepale," alisema. "Msikose matone hata siku moja."

Walipotoka, mama aligonga bega la kushoto kwenye nguzo ya mlango. Hakuwa ameiona.

"Njoo upande huu, mwanangu," alisema. "Huku ndiko kwenye giza."

Kinyozi akahamia kushoto kwake, akamshika mkono. Walitembea hivyo mpaka nyumbani.