Gundi Tamu ya Seki

Sogea hapa karibu, nikuambie habari za Seki na sufuria ya gundi. Ukitaka kucheka, cheka. Ila usimwige.

Seki alikuwa na miaka sita. Alisoma darasa la kwanza huko Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi zaidi.

Jina lake hasa lilikuwa Tusekile. Lakini nani ana muda wa kuita Tusekile, wakati mtoto mwenyewe ameshakimbia?

Seki alikuwa na kidole kimoja kitundu. Ni kile cha kunyooshea. Kikiona kitu, lazima kiguse.

Kaka yake, Lusajo, alisoma darasa la sita. Yeye alikuwa mpole, na maneno yake yalikuwa machache. Alipenda kuchora, basi.

Kila mwaka, Mwalimu Gwantwa aliwapongeza wachoraji wa shule. Picha nzuri zilibandikwa ukutani, na wazazi walikuja kuzitazama. Mchoraji akitajwa jina, alipigiwa makofi matatu. Pa, pa, pa.

Lusajo hakuwahi kupigiwa hata kofi moja. Mwaka juzi picha yake ilibaki kabatini. Mwaka jana, kabatini tena.

Lakini mwaka huu picha yake ilichaguliwa. Alikuwa amemchora Bibi yao akicheka, na pengo lake la meno mawili hapo mbele.

Bibi mwenyewe alisema atakuja kuiona, ingawa anakaa mbali, nyuma ya vilima viwili.

 Tangu siku hiyo, Lusajo alikuwa anatabasamu peke yake njiani. Seki alimwona.

Basi, ikafika Ijumaa. Picha zilikuwa tayari, kumi na tisa. Ukuta ulikuwa tayari. Gundi ndiyo ilikuwa imekwisha.

"Tutapika wenyewe," alisema Mwalimu Gwantwa. Akachukua unga wa ngano na maji, akabandika sufuria jikoni. Gundi ikachemka. Puku, puku, puku.

Mwalimu akaepua sufuria, akaiweka chini. Akatafuta mtu wa kukoroga hadi ipoe. Nani alikuwa amekaa pale bila kazi, akimsubiri kaka yake? Unamjua.

"Koroga, Seki," alisema Mwalimu. "Lakini usionje. Usiguse. Usiongeze."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Seki. Na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Koroga, koroga, koroga. Gundi ilikuwa nyeupe na nzito. Jamani, ilifanana na uji.

Usionje. Usiguse. Usiongeze.

Gundi ikapoa. Kidole kikaanza kuwasha. Kidole kikaenda kwenye sufuria. Kidole kikarudi mdomoni.

"Mh," alisema Seki. "Haina sukari."

Akafikiri. Mama husema uji wenye sukari unatia nguvu. Basi hata gundi, ikipata sukari, itashika kwa nguvu. Na pale kwenye rafu kulikuwa na kopo la sukari ya chai ya walimu.

Seki akaweka kijiko kimoja. Akaweka cha pili. Cha tatu kiliingia chenyewe.

Koroga, koroga, koroga.

Lusajo akaja kubeba sufuria. "Umeonja?" aliuliza.

"Hata," alisema Seki. Akalamba midomo.

Wanafunzi wakabandika picha zote ukutani. Picha ya Bibi iliwekwa mwisho, karibu na dirisha. Halafu wakatoka kwenda kunawa mikono. Seki akabaki nyuma.

Akamtazama Bibi pale ukutani. Bibi alikuwa anacheka, mdomo wazi, na hajaonja kitu. Lo, si adabu kula mbele ya mkubwa bila kumkaribisha.

Kidole kikachota tone moja sufuriani. Kikampaka Bibi pale pale kwenye pengo.

"Karibu, Bibi," Seki alinong'ona.

Usiku ule mvua ilinyesha. Hewa ikawa ya unyevu, na gundi yenye sukari haikukauka. Chini ya mlango wa darasa kukasikika kitu kidogo sana. Tiki, tiki, tiki.

Alikuwa sisimizi mmoja. Nyuma yake, mwenzake. Nyuma ya mwenzake, ukoo mzima. Penye sukari, sisimizi haandikiwi barua.

Jumamosi asubuhi, Seki na Lusajo walifika shuleni mapema na wachoraji wengine. Mwalimu Gwantwa akafungua mlango.

Pwaa. Picha moja ikaanguka. Pwaa. Ikaanguka nyingine.

Ukuta ulikuwa mweusi, na ulikuwa unatembea. Sisimizi walipanda, sisimizi walishuka. Tiki, tiki, tiki, mmoja nyuma ya mwenzake.

Pwaa, pwaa, pwaa. Picha zote zikawa chini.

Mwalimu Gwantwa akagusa gundi ukutani. Akalamba kidole. "Tamu," alisema.



"Seki nilimkataza, akaitikia. Baada yake sufuria aliibeba nani?" aliuliza Mwalimu.

Watoto wote wakamtazama Lusajo.

"Lusajo, ni wewe uliyetia sukari? Kama ni wewe, picha yako inarudi kabatini."

Lusajo akamtazama dada yake. Alijua. Angewezaje kutojua? Lakini hakumsema. Akainamisha kichwa tu, na macho yake yakajaa maji.

Seki akakificha kidole mgongoni. Roho ilimuuma. Bibi alikuwa njiani tayari, anashuka kilima cha pili. Picha yake ikirudi kabatini, atatazama nini?

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Seki. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilionja. Nikagusa. Nikaongeza."

"Uliongeza vijiko vingapi?"

"Kimoja."

Mwalimu akangoja.

"Vitatu," alisema Seki.

Nje kulisikika sauti. Hodi, hodi. Shikamoo, marahaba. Wazazi walikuwa wameanza kufika.

"Ukuta umelowa," alisema Mwalimu Gwantwa. "Gundi hatuna. Hizi picha tutaziweka wapi sasa?"

Seki akaokota picha ya Bibi. Akaipuliza, fuu. Sisimizi wakakimbia. Akaiinua juu ya kichwa chake.

"Mimi nitakuwa ukuta," alisema.

"Wewe ni mfupi," alisema Lusajo. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi ile. Akaichukua picha, akaishika mbele yake. "Acha mimi niwe ukuta."

Watoto wengine wakaokota picha zao. Fuu, fuu, fuu. Wakasimama mstari mmoja, bega kwa bega. Ukawa ukuta wenye miguu thelathini na minane.

Mwalimu Gwantwa alitaka kuendelea kukasirika. Alijaribu kweli. Mdomo ukamsaliti, akatabasamu.

"Adhabu yako ipo, Seki, usidhani nimesahau," alisema. "Kwanza nenda ukawakaribishe wageni."

Wazazi wakaingia. Wakapita polepole mbele ya picha. Mwalimu alitaja jina, na watu wakapiga makofi. Pa, pa, pa. Mama mmoja akapiga vigelegele, mtoto wake akaona haya hadi masikioni.

Lusajo alikuwa mwisho wa mstari. Naye aliona haya kuliko wote. Alijificha nyuma ya picha yake, ikabaki miguu tu.

Na hapo Bibi akaingia. Kitenge kilikuwa kipya, viatu vilikuwa na tope.

"Shikamoo, Bibi," alisema Seki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Niko wapi mimi?"

Seki akamwongoza hadi mwisho wa mstari. Bibi akatazama chini kwanza.

"Magoti haya nayajua," alisema. "Ni ya Lusajo."

Lusajo akachungulia kwa jicho moja. Bibi akainua macho, akaitazama picha. Akaitazama sana.

 Lusajo akageuza picha ili naye aone.

Mama yangu wee! Seki alipoipuliza, sisimizi walikimbia, lakini si wote. Wawili walikataa. Walikuwa wamesimama kwenye tone la sukari, sawasawa, kwenye pengo la Bibi.

Lusajo akanyoosha mkono ili awafute.

"Waache," alisema Bibi. "Miaka kumi sina meno hapa. Leo nimeota mawili, na yanatembea."

Akainama, akawatazama kwa karibu. "Sasa hawa wamefuata nini mdomoni kwangu?"

Mwalimu Gwantwa akamtazama Seki. Lusajo akamtazama Seki. Ukuta wote ukamtazama Seki.

"Sukari, Bibi," alisema Seki. "Nilikuwa naonja gundi. Nikaona nikukaribishe."

Bibi akacheka. Alicheka hadi kitenge kikalegea. Na alipocheka, watu wote wakaona. Bibi wa kwenye karatasi na Bibi wa kwenye viatu vya tope walikuwa wanacheka kicheko kimoja.

"Ni yeye kabisa," walisema wazazi. "Huyu mtoto ana mkono wa kuchora."

Mwalimu Gwantwa akamshika Lusajo bega. "Mchoraji ni Lusajo, wa darasa la sita. Makofi matatu kwake."

Pa, pa, pa.

Lusajo akashusha picha. Uso wake wote ukaonekana, na ulikuwa unang'aa kwa furaha.

Pa. Hilo lilikuwa la nne, na aliyepiga ni Bibi.

"Bibi, usiongeze," alinong'ona Seki. "Ni matatu tu."

"Niache niongeze," alisema Bibi. Akapiga na la tano.

Wageni walipoondoka, Seki alipewa ndoo na kitambaa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, kuosha ukuta mzima. Sugua, sugua, sugua. Sehemu za juu hakuzifikia, kwa hiyo Lusajo alizisugua yeye.

"Kaka, kwa nini hukunisema?" aliuliza Seki.

"Nilijua ungesema mwenyewe," alijibu Lusajo. Akaendelea kusugua.

Jioni, Mama alipika gundi nyumbani ili abandike picha ya Bibi sebuleni. Akaiacha jikoni ipoe. Akamwita Seki pembeni.

"Usionje. Usiguse. Usiongeze."

"Ndiyo, Mama," alisema Seki. Akakikalia kidole chake, akakikalia kabisa, mpaka kikafa ganzi.

Picha ikabandikwa. Wakala, wakasimuliana, wakacheka upya. Bibi alilala hapo hapo kwao, kitanda kimoja na Seki.

Seki alikuwa ameanza kusinzia aliposikia kitu. Tiki, tiki, tiki.

Mama naye akasikia. Akawasha taa ya sebuleni. Sisimizi walikuwa wanapanda ukuta, mmoja nyuma ya mwenzake, kuelekea kwenye picha.

"Seki," aliita Mama.

"Si mimi, Mama. Safari hii kweli si mimi."

"Gundi ilipokuwa inapoa, mimi nilikuwa nawanywesha ndama maji," alisema Lusajo kutoka chumbani kwake.

  Seki akageuka polepole, akamtazama Bibi.

Bibi alikuwa anatazama dari. Kidole chake kimoja, kile cha kunyooshea, alikuwa amekificha chini ya blanketi.

"Kijiko kimoja tu," alisema Bibi.

Seki akangoja.

"Vitatu," alisema Bibi. "Ninayataka meno yangu."

Seki akacheka ndani ya blanketi. Bibi akacheka naye, hadi kitanda kikalia kwiki, kwiki. Mama akazima taa, kwani angefanya nini tena?

Sebuleni, sisimizi wawili walifika kwenye pengo, wakasimama sawasawa.

Na wewe sasa, funga macho. Ila kwanza, nionyeshe hicho kidole chako.