Mwangaza wa Moja Nukta Nne

"Dada, tafadhali usisogee. Kivuli chako kimeniokoa."

Umi aligeuka. Gati la Kilindoni lilifurika abiria, magunia na ndoo za pweza. Nyuma yake kijana mwenye kanzu ya kijivu alikuwa ameinamia kompyuta, kioo chake hakionekani kwa jua.

"Basi nilipe kodi ya kivuli," Umi alisema, akashangaa ulimi wake mwenyewe, maana alikuwa mtu wa haya.

Kijana akacheka. Jina lake Ameir, mwenye studio ya picha mjini, na alikuwa akiandika programu ya kurekebisha mwangaza wa rangi. "Ukiandika moja, rangi inabaki ya asili. Ukishusha, inaingia giza. Ukipandisha, inang'aa."

Mapenzi yakaanza hapo, yakakomaa kwa simu. Mwisho Ameir akaahidi kuleta posa Ijumaa, nyumbani kwa kina Umi, kijijini Bweni.

Jumatano, Warda, dada yake Ameir, akamtumia Umi picha. "Wifi, mama kakupenda! Kasema mweupe kama sisi!"

Umi akaitazama picha yake mwenyewe, iliyopigwa na Ameir. Uso ulikuwa umepauka kama unga, hina ya mikononi imebaki ukungu. Weusi aliourithi kwa bibi zake haukuwapo. Akapiga simu.

"Ameir, umenifanya nini?"

"Aa, mpenzi, namba tu hiyo. Niliweka moja nukta nne. Unamjua mama, kutwa kuhesabu nani Mwarabu, nani si Mwarabu."

"Na siku nitakapoingia kwenu kwa miguu yangu, utaniwekea ngapi?"

"Mpenzi, mama tu ndiye..."

"Mtumie ile ya asili," Umi alisema. "Leo."

Alhamisi jioni Ameir alifika Bweni kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, macho mekundu. Umi alimkuta barazani.

"Nimemtumia."

"Kasemaje?"

"Kasema posa isubiri kwanza." Akashika ncha ya mtandio wa zambarau wa Umi. "Lakini nipe muda, kipenzi changu. Atakuzoea."

Umi alimpenda hata dakika ile, na hilo ndilo lililomuuma. Akauvuta mtandio taratibu mpaka ukamtoka Ameir vidoleni.

"Maji ya kisima cha chumvi ndiyo huzoeleka, Ameir. Mimi ni mtu."

Pikipiki ilipopotea minazini, aliingia uani. Mama yake alikuwa akichambua mchele.

"Mwanangu, kesho nipikie wageni wangapi?"

"Hakuna mgeni, mama."

Mama akamsogezea ungo, wakachambua pamoja.