Chuma cha Nyumba ya Saba

Majini wengine hutanguliwa na upepo, wengine na harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma. Huyu wa nyumbani kwa Mamyrkul alitanguliwa na barua yenye muhuri.

Barua ilitoka mji mkuu, kwa wale wanaosoma beji za mionzi. Beji yenyewe ni kijidude cha plastiki, ukubwa wa kifungo cha koti, na kila mfanyakazi wa maabara ya Kyzyl-Eshik hukibandika kifuani. Hakimkingi mtu na kitu. Kazi yake ni kukumbuka tu. Kila mwezi beji zinatumwa kusomwa, na kwa miaka ishirini na miwili ile ya Mamyrkul ilikuwa ikikumbuka mambo madogo madogo, kama bibi mwenye staha. Mwezi huu ilikuwa imemeza mionzi kuliko miaka yote ishirini na miwili ukiijumlisha.

"Mzee, umelala wapi wewe?" aliuliza Venera, mkuu wa maabara, akiishika barua kwa ncha za vidole. Kwa umri alikuwa kama binti yake, ila kazini yeye ndiye mama. "Maana hapa hulali. Hapa unasinzia saa saba mchana, na hilo nalijua."

"Nimelala na mke wangu. Kama mionzi inatoka kwake, basi imechelewa miaka thelathini."

Wakacheka. Kisha Venera akamsogezea fomu ya maelezo.

Ukweli ni kwamba Mamyrkul hakujua. Alichojua ni kwamba jioni hulitundika koti lake kwenye msumari ukumbini kwake, na beji ikiwa juu yake. Angeandika hivyo tu, sentensi moja. Lakini anayeandika hivyo husimamishwa kazi mpaka chanzo kijulikane, na yeye alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Akaandika: "Beji ilisahauliwa kwenye chumba cha sampuli." Venera alimtazama, akatia saini. Kalamu ilikuwa nyepesi sana.

Kazi yenyewe anaipenda, msimwone vile. Bonde lile limefukiwa makapi ya urani tangu enzi za baba zake, vilima ishirini na tatu vyenye uzio uliolala chini, na watu wanaviita makaburi. Mamyrkul huchota udongo, maji ya mto, maziwa, aprikoti zilizokaushwa. Maabara inatafuta humo urani, arseniki, risasi, na yale yaliyodondoka kutoka mawinguni baada ya mabomu ya watu wengine. Na huwa na mashine yake ya mkononi ya kupimia mionzi, kongwe, iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Wengine wanasikiliza redio, yeye anaisikiliza hiyo. Tik. Tik-tik. Tik. Aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza: "Sikiliza, haina mdundo. Chembe hazipangi foleni wala hazingojani, ni kama mvua inayoanza kwenye bati. Siku ukisikia mdundo, ujue kimeharibika kitu. Mashine, au wewe."

Nyuma ya ukuta wenye msumari ule kulikuwa na chumba cha mkwewe, Nursuluu, na ndani yake susu la mbao, na ndani ya susu mjukuu wa siku kumi na tisa. Alipewa jina Toktosun, yaani "na abaki", kwa kuwa wawili waliomtangulia hawakubaki. Baba yake, Kubat, alikuwa anajenga maghorofa Urusi, akilea kwa simu.

Mke wa Mamyrkul, Tajikan, alikuwa ameapa kwamba huyu wa tatu haibiwi. Wanaoiba watoto wachanga bondeni mle wanajulikana: ni albarsti, jini wa kike mwenye nywele za manjano, anayewakalia kifuani wanawake waliojifungua. Tajikan akajipanga kama jemadari. Mlangoni moshi wa majani ya mreteni asubuhi na jioni. Siku arobaini asiingie mgeni, wala kitu chochote kilichopita makaburini. Mamyrkul mwenyewe akirudi kazini alivuliwa viatu uani na kufukizwa kama nyama.

"Na hilo lidude lako linalolia," mkewe alimwonya, "likipita kizingiti hiki kabla ya arobaini, utalala nalo zizini."

"Nalo likikataa?"

"Baba Kubat, usinichekeshe. Wawili nimewazika."

Halafu kulikuwa na vyuma. Albarsti anaogopa chuma, na mtoto ambaye ndugu zake wamekufa huwekewa vyuma vya nyumba saba chini ya susu. Sita huombwa kwa majirani. Cha saba lazima kitoke nyumbani kwenyewe, chuma kilichokula miaka na familia. Tajikan alipata mkasi wa kukatia sufu, kiatu cha farasi, kufuli, jembe bovu na vinginevyo. Cha saba Mamyrkul alikichagua mwenyewe, kwa fahari. Akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa.

Siku ya ishirini paka alihama. Alikuwa na mazoea ya kulala chini ya susu, sasa akawa anakaa uani kwenye theluji, akikitazama kile chumba. Siku ya ishirini na tatu ua lililokuwa dirishani likaanza kunyauka upande mmoja tu, ule ulioelekea kwa mtoto. Kisha Nursuluu akaacha kula.

"Baba," alimnong'oneza Mamyrkul adhuhuri moja, Tajikan akiwa kwa majirani. Kwa desturi mkwe haongei sana na baba mkwe, na huyu alizungumza akiangalia sakafu. "Usimwambie mama. Kuna mtu anakaa pale."

"Pale wapi, mwanangu?"

"Kichwani pa susu. Anakuja jua likisimama katikati, nyumba ikinyamaza. Nasikia chanuo. Anachana nywele. Halafu..." Akapitisha vidole kichwani mwake, akamwonyesha kiganja. Kilikuwa kimejaa nywele. "Nadhani anachana zangu."

"Uzazi huo. Hata mama Kubat nywele zilimtoka."

"Mgongo wa mtoto umekuwa mwekundu, baba. Kama amekaa juani. Na tangu azaliwe hajaliona jua."

Hapo Mamyrkul aliikumbuka barua. Aliikumbuka vizuri kabisa, na ule muhuri. Akajiambia: nikiingiza mashine Tajikan ataniua, na nikiulizia maabara, Venera atajua nilidanganya. Siku kumi na saba tu zimebaki, arobaini itimie. Akasema, "Nitawaambia waongeze mreteni." Mtu aliyepima bonde zima mpaka mkojo wa ng'ombe, chumba cha mjukuu wake hakukipima.

Siku ya thelathini na nne mtoto alianza kutapika maziwa, na Tajikan mwenyewe akapeleka habari kwa Anarbübü, mganga mfukuzaji. Alikuwa ajuza mdogo kama mtoto wa shule, na ilisemwa albarsti hutoroka wakisikia tu anakohoa njiani. Alifika saa sita mchana, amechukua mjeledi. Akavuka ukumbi, akafika mlangoni pa chumba, akasimama. Alisimama muda mrefu. Mjeledi ukashuka.

"Mwambie atoke, mama," Tajikan alinong'ona. "Mpige."

"Simpigi."

"Kwa nini?"

"Mimi nafukuza walioingia wenyewe," ajuza alijibu taratibu. "Huyu hakuingia. Huyu kaletwa, kakaribishwa, katandikiwa kiti. Hata kuiba haibi, amekaa kwake. Aliyemleta ndiye wa kumtoa." Akageuka, na kwa ule mwili mdogo akamtazama Mamyrkul kana kwamba anamtazama kutoka juu. "Wewe unanuka chumvi, kijana."

Mamyrkul, kijana wa miaka hamsini na saba, alitoka bila koti, akaenda maabara kwa miguu, akaichukua mashine bila kusaini kitabu, akarudi. Tajikan alikuwa ameuziba mlango kwa mikono miwili.

"Siku sita! Siku sita tu zimebaki, baba Kubat! Lidude hilo limeramba makaburi yote!"

"Toka, mama Kubat."

"Sitoki!"

"Nilipata barua," alisema. "Mwezi uliopita. Nilipata barua nikaificha."

Mkewe hakuelewa ni barua gani, lakini katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumsikia akiongea bila mzaha hata chembe. Akashusha mikono.

Akaiwasha pale pale kizingitini, na mashine iliyokuwa ikidondosha mlio mmoja mmoja barabara nzima ikaanza kuharakisha, na kila hatua aliyopiga kuelekea susu milio ikasongamana, mpaka haikuwa milio tena bali uzi mmoja mrefu wa sauti, kama mwanamke anayevuta pumzi ndani bila kuitoa, na harufu ikamjia puani, harufu ya nywele zilizolowa na chuma kilichopata moto, na jua la adhuhuri likiwa limemwagika dirishani aliona juu ya ule mti wa kushikia susu kitu cha manjano kimening'inia, chembamba, kirefu, kikitikisika ingawa hapakuwa na upepo, na akasikia, chini ya ule mlio, meno ya chanuo yakipita polepole, bila haraka yoyote, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Mchukue mtoto!" alipiga kelele. "Nursuluu, mchukue, tokeni, nendeni mpaka getini, msirudi!"

Alibaki peke yake na vile vyuma. Akavivuta kwa koleo la makaa, kimoja kimoja, mpaka uani. Na moyoni aliomba, jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu, aliomba kiwe cha jirani. Mkasi: kimya. Kiatu cha farasi: kimya. Kufuli, jembe, vyote sita, kimya, vyuma vya watu wema. Kikabaki cha saba.

Kilikuwa chuma cha mviringo, ukubwa wa birika, kizito kupita kimo chake. Alikiokota miaka ishirini iliyopita, kiwanda kilipofungwa na kila mtu alipobeba alichoweza. Wengine walibeba mabomba. Yeye alibeba hicho kwa sababu kilifaa kukandamizia kabichi kwenye pipa la kuchachusha. Miaka ishirini walikula kabichi ya pipa lile, wakaisifu.

Venera alikuja na watu waliovaa mavazi meupe. Walikiweka ndani ya sanduku la madini ya risasi. Ndipo akamwita pembeni, kwenye theluji.

"Unajua ni nini?"

"Cha kukandamizia kabichi."

"Ni kipimo, mzee. Kilifungwa ubavuni mwa tangi, kupima kina cha tope. Ndani mna punje ya mionzi, na mbele ya punje kuna kilango. Chumvi ya kabichi ilikula komeo, na wewe ulipokisugua ukamalizia. Kilango kimekuwa kikifunguka kidogo kidogo, kimeangalia juu." Alilitazama sanduku. "Kipimo, mzee. Wewe na mimi, wapimaji wa bonde zima."

"Ningekwambia kuhusu koti..."

"Ungeniambia kuhusu koti, ingekuwa siku kumi na tano kabla."

Hakumkaripia. Angemkaripia, lingekuwa jambo la kuvumilika.

Nursuluu na mtoto walipelekwa hospitali ya mji mkuu, Tajikan akaenda nao. Siku ya arobaini ilimkuta Toktosun kwenye kitanda cha chuma, na yale maji ya desturi, vijiko arobaini, aliyopaswa kuogeshwa siku hiyo, bibi yake alimpaka kwa pamba kwenye paji la uso tu, kwa kuwa mgongo ulikuwa umefungwa bandeji. Daktari alisema anaishi. Alipoulizwa mpaka lini, alisema tutaona.

Nyumba ikapimwa kwa mashine tatu, kila pembe. Namba zilitoka kumi na sita, kumi na tano, kumi na sita. Safi kuliko ofisi ya meya. Venera akamwachia karatasi ya kusaini, kwamba watu wanaweza kurudi, na mashine yake kongwe, kwa huruma, akajihakikishie.

Alikaa chumbani mle adhuhuri, kwenye kigoda, karibu na susu tupu. Akawasha. Kumi na sita. Akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akafumba macho kusikiliza, kama zamani.

Tik-tik. Kimya. Tik-tik. Kimya. Tik-tik.

Akafumbua macho. Namba ilikuwa ile ile, kumi na sita, namba ya nyumba safi. Alibadilisha betri. Alitoka nayo uani, ikadondosha milio yake ovyo, kama mvua kwenye bati. Akarudi ndani. Tik-tik, kimya, tik-tik: mwendo wa susu linaposukumwa kwa mguu, kwenda na kurudi.

Simu ikaita. Alikuwa Nursuluu, sauti nyembamba ila yenye furaha. "Baba, wameturuhusu. Dada Venera amesema namba ni nzuri. Tuje nyumbani?"

Mamyrkul aliitazama ile karatasi. Mara ya kwanza alidanganya ili asiulizwe. Sasa kila namba ilikuwa ya kweli, na ukweli ulikuwa unataka kumrudisha mtoto kwenye lile susu.

"Msije," alisema. "Nyumba ni chafu."

"Lakini dada Venera..."

"Venera mtoto, hajui kupima. Nendeni kwa dada yako kule Talas. Mwambie Kubat awafuate huko. Mwambie mama Kubat nimesema mimi. Nyumba ni chafu, mwanangu, na mimi ndiye mpimaji."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nimezoea. Na lazima abaki mtu, mgeni asijione amefukuzwa akatafuta njia."

Alikata simu kabla Nursuluu hajauliza ni mgeni gani. Akaichana karatasi vipande vinne, akavitia kwenye moto wa jiko. Kisha akakaa tena kwenye kigoda, akaweka mguu kwenye susu, akaanza kulisukuma, kwenda na kurudi, na mashine magotini ikafuata mwendo wa mguu wake. Harufu ya nywele zilizolowa ilikuwa karibu sana, begani.

Mara moja alijaribu. Alisimamisha mguu.

Mashine ikanyamaza kabisa, ikimngoja.