Matundu ya Ukuta wa Ilemela

Anaowakutanisha Mola hawachagui mahali. Leonsia na Owiti walikutanishwa katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, saa ambayo magunia ya dagaa hushushwa na hakuna anayempisha mwenziwe. Leonsia, binti wa Kihaya mwenye gauni la kitenge cha samawati na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, alikuwa akipima kibanda cha wachuuzi. Mwisho wa utepe wake ulikanyagwa na fundi mrefu, suruali imeganda saruji.

"Kaka, umesimama juu ya mita yangu ya nne."

"Samahani, dada. Nilidhani unawapima dagaa."

"Dagaa hawanikanyagii utepe. Haya, ushike huo mwisho."

Akaushika, na hakuuachia kwa miaka miwili. Leonsia alikuwa na ofisi ya usanifu majengo, chumba kimoja tu, iliyowachorea watu wa mlimani ambao hakuna msanifu mwingine aliyewapandia. Kila mchoro aliubandika uani kwao, wakausahihisha wenyewe. Owiti ndiye aliyejenga.

Walipokuwa wakijenga ukuta wa kuzuia udongo kati ya majabali ya Ilemela, Owiti alimpigia simu.

"Mpenzi, Mama Chenge hayataki matundu ya kutolea maji. Anasema yatammwagia jikoni."

"Sisi huwasikiliza wenye nyumba, Owiti wangu. Yazibe. Nina wageni hapa. Jioni uniletee sato."

"Unamtaka sato au unanitaka mimi?"

"Atakayetangulia kufika."

Masika yakaja, maji yakakosa pa kutokea. Ukuta ulianguka alfajiri, ukamfukia Mama Chenge akiwasha moto.

Mbele ya wachunguzi, Leonsia aliapa kwamba hakuagiza matundu yazibwe, kwa kuwa simu ile ilikwisha kumtoka akilini. Owiti alimtazama, kisha akasema, "Nilikosea mimi." Leonsia aliyachukua maneno hayo kuwa ungamo, akaifuta namba yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa Owiti kazi mjini.

Miezi saba baadaye, akikunjua mchoro wa ukuta ule, Leonsia aliona pembeni mwandiko wake mwenyewe, wa siku ya simu ile: *Matundu ya kwa Mama Chenge yazibwe.* Alikaa sakafuni hadi adhuhuri. Kisha akapanda kivuko kwenda Kamanga, alikosikia kwamba Owiti anafyatua matofali.

"Kwa nini ulininyamazia?" alimwuliza, mchoro mkononi.

"Ukifungiwa wewe, nani atawapandia watu wa mlimani? Fundi mmoja si hasara."

"Ni hasara yangu. Kesho naupeleka huu kwa wachunguzi."

"Watakunyang'anya muhuri wa usanifu, Leo."

"Wauchukue. Utamwoa mwanamke asiye na ofisi?"

Owiti alinawa udongo mikononi, polepole.

"Nitamwoa. Lakini kabla ya wachunguzi, na kabla ya padri, twende kwa Baba Chenge. Hakuna aliyemweleza mkewe alikufaje."

Walimkuta mzee ameketi kando ya kifusi.

"Shikamoo, baba."

Leonsia akamsomea maneno ya pembeni, akamwambia ni nani aliyeyaandika.

"Ukuta mtaujenga tena?" mzee aliuliza.

"Tutaujenga, baba."

"Na matundu?"

Owiti akajibu, "Yatabaki wazi. Maji yatakuja jikoni."

"Yaje," alisema Baba Chenge. "Hakuna apikaye tena humo."