Majogoo wa Tovutini

Kila jioni, baada ya kuvua sare na kuteka maji, Gentrix aliketi mbele ya tarakilishi ya shangazi yake, Edah, pale Lumakanda. Shangazi alikuwa na tovuti ambapo wafugaji walitangaza kuku wao. Kuku wapya wakitangazwa au wakiuzwa, Gentrix alirekebisha hifadhidata, yaani ghala la habari zote za tovuti. Kisha alitakiwa kubonyeza kitufe cha kusasisha faharasa ya utafutaji, yaani orodha ya kutafutia. Lo! Kazi hiyo ya pili ilijikokota, na moyo wake tayari ulikuwa uwanjani. Akazoea kuiruka.

Jumamosi moja alifika Mzee Cornelius kutoka Mumias. Wakwe zake walikuwa wanakuja jioni ile ile, na kuwaandalia wakwe ugali bila kuku, jamani, ni aibu isiyofutika. Alikuwa ametafuta kwenye tovuti, akaona majogoo wa Shangazi Edah.

Banda lilikuwa tupu. Majogoo walikuwa wameuzwa zamani.

Gentrix alichanganyikiwa. Alifungua hifadhidata: wameuzwa. Akaandika "jogoo" mahali pa kutafutia: wapo! Akazima tarakilishi, akaiwasha. Majibu yale yale. Akaushuku mtandao, akaishuku simu ya mzee, hata akatoka kuchungulia banda tena, labda macho yalimdanganya.

Shangazi akamuuliza kama alisasisha faharasa. Gentrix angeweza kusingizia umeme. Lakini mzee wa watu alikuwa ameshika tama, na Gentrix akaona haya.

"Sikusasisha, shangazi. Nilidhani hifadhidata inatosha."

Shangazi akamweleza kwamba anayetafuta haingii ghalani. Huonyeshwa faharasa tu, nayo hujua yale iliyoambiwa mara ya mwisho.

Gentrix akabonyeza kitufe, akangoja mpaka mwisho. Alipotafuta tena, majogoo wa shangazi hawakuwepo. Badala yao walitokea wa Navalayo, jirani mjane aliyekuwa ametangaza kuku wake wiki moja kabla, na kulalamika tangu hapo kwamba hapati mteja. Mzee Cornelius akaenda huko mbio, akanunua wawili.

"Umesema kweli, na wakwe watakula," Shangazi alisema. "Lakini kazi ya nusu hudanganya watu hata kama mdomo wako umenyamaza. Mzee amepata kuku. Navalayo naye, wiki yake nzima atarudishiwa na nani?"

Gentrix akavaa ndala zake, akaenda kwa Navalayo kuomba msamaha.