Nyayo Chini ya Bwawa

Kila alipotoka shule, Falone alivua sare, akala sombe iliyobaki, mboga ya majani ya muhogo, kisha akabeba bidoni la plastiki kwenda mtoni kuchota maji. Kutoka mto Lualaba hadi bustani ya mama yake, katika mtaa wa Alunguli mjini Kindu, njia ilipanda kilima kikali. Wakati wa kiangazi, mboga za lengalenga zilinyauka hata zikimwagiliwa.

"Tutachimba bwawa," mama yake, Josiane, aliamua. "Majirani watatusaidia kulijaza, na mvua zikianza zitaliongezea maji."

Walichimba. Jirani yao Papa Sumaili, mfyatua matofali, akaleta udongo wa mfinyanzi kutoka kando ya kijito. Waliutandaza chini na kwenye kingo zote.

"Sasa ukanyage," alimwambia Falone. "Kila mahali, mpaka ushikamane. Usipokanyagwa, maji yatapita."

Josiane alikwenda sokoni, na Falone akaanza kazi. Udongo ulikuwa baridi na mzito, ukinyonya miguu yake. Alipofika upande wa bwawa uliokuwa karibu na migomba, alisikia wenzake wakiimba na kuruka kamba barabarani. Alilowesha kiganja, akausugua ukingo ule juu juu mpaka ukang'aa kama sehemu nyingine, akakimbia kucheza.

"Umekanyaga pote?" mama yake aliuliza jioni.

"Pote, mama."

Jumamosi majirani walipanda kilima na ndoo na bidoni, wakaimba, wakajaza bwawa. Lakini kulipokucha, lilibaki tope tu. Watu walikusanyika wakitazama tope lile.

"Papa Sumaili," Josiane alisema polepole, "labda udongo huu haukuwa mzuri."

Mzee yule aliinamisha kichwa. "Mimi njo niliuchagua. Mnisamehe. Nimewachosha bure."

Falone aliiona aibu usoni mwa mzee. "Hapana, Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Udongo ni mzuri. Upande wa migomba sikuukanyaga. Niliupaka maji tu, nikaenda kucheza."

Jirani mmoja alisonya. Josiane alimgeukia binti yake.

"Mwombe Papa msamaha. Kisha chukua jembe. Upande huo tutauchimba upya."

Falone alipiga magoti mbele ya Papa Sumaili, akaomba msamaha, kisha akaanza kuchimba. Alitoa udongo aliouacha bila kuukanyaga, akaendelea chini zaidi. Ghafla jembe lilizama katika majivu meusi. Chini ya majivu liligonga kitu kigumu, chekundu kama chungu kilichochomwa. Alifagia kwa mikono, kisha akaita.

"Mama! Kuna nyayo hapa!"

Zilikuwa nyayo za watoto, vidole vyote vikionekana wazi kana kwamba wametoka kupita sasa hivi. Zilibanana, moja kando ya nyingine, hadi kwenye ukingo kabisa. Hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kidole.

Josiane alikaa chini kwenye tope. Aligusa nyayo moja baada ya nyingine.

"Hizi kubwa ni zangu," alisema. "Hizi ndogo ni za Rémy, mdogo wangu. Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikufika tena, chumvi haikuonekana, na mama yetu alitaka bwawa ili tupate mboga. Tulikuwa tumemaliza kukanyaga tuliposikia risasi. Tulikimbilia porini. Paa la nyumba liliwaka, likaangukia shimo, na moto ukauchoma udongo. Rémy alikufa kwa homa kule porini. Tuliporudi, majani yalikuwa yamefunika kila kitu, hata mahali nyumba iliposimama. Sikujua kamwe kwamba tulikuwa tunachimba juu ya shimo lile."

Papa Sumaili alivua kofia yake. Majirani walisogea taratibu, kama watu wanaoingia mahali pa sala. Falone aliweka mguu wake ndani ya unyayo wa mama yake. Ulienea sawasawa.

Siku hiyo hakuna aliyemwita kucheza. Walitandaza udongo mpya juu ya ule wa zamani, naye akakanyaga pole pole, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni. Josiane alivua viatu, akaingia kukanyaga kando yake.

Mvua za kwanza zililijaza bwawa. Asubuhi iliyofuata, maji yalikuwa pale pale, yametulia, na kereng'ende wekundu wakiruka juu yake. Ndani yake yalionekana mawingu yote ya Kindu. Papa Sumaili alicheka kwa furaha kama mtoto.

Josiane alimshika Falone begani.

"Rémy alikuwa mdogo, wala hakuna aliyemsimamia," alisema. "Hata hivyo alikanyaga hadi mwisho. Mwanangu, fanya kazi vizuri hata pale jicho la mtu lisipofika. Na ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajabeba lawama yako."

"Ndiyo, mama," alijibu Falone, macho yake yakiwa bado majini.