Mshiriki wa Tisa

Ijumaa asubuhi, Park Station, stesheni kuu ya mabasi ya jiji, ilijaa watu wanaoagana. Mabasi ya Durban yalinguruma, harufu ya dizeli ikachanganyika na ya chipsi zilizomwagiwa siki, na katikati ya mizigo iliyofungwa kamba alisimama msichana mwenye baibui la rangi ya udongo, kalamu mkononi, akiandika maneno ya watu wasiomjua.

Hatua chache mbele yake, kijana mrefu aliyevaa koti la kijivu lililomkaa sawasawa mabegani alimpungia mkono mtoto aliyekuwa dirishani mwa basi.

"Ta-ta, Nasra. Bai-bai, mama."

Kisha akamgeukia dereva, mtu mzima mwenye masharubu ya mvi, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akamwambia yeye pia ta-ta. Msichana akacheka kidogo, akaandika.

"Dada," kijana alisema alipomfikia, "umenitazama mimi, halafu ukalitazama daftari. Kuna nini?"

"Nimeandika ulivyoaga, kaka. Samahani."

"Kuaga kwangu kuna kasoro?"

"Kungekuwa na kasoro nisingekuandika."

Alijitambulisha kuwa ni Mayasa, mzaliwa wa mtaa wa Mayfair, pale pale mjini, wazazi wake watu wa Tanga. Alikuwa mwanafunzi wa isimu, akitafiti maneno ya Kiingereza ambayo watu wazima huwafundisha watoto wachanga ili waage. Alieleza kwamba, kwa mujibu wa makamusi, bai-bai ilikuwa kwanza sauti ya kumbembelezea mtoto alale, na baadaye ndipo ikawa neno la kuagana. Na kwamba ta-ta imeandikwa kwa karibu miaka mia mbili bila mtu kuwa na hakika ilitoka wapi, isipokuwa pengine vinywani mwa watoto wenyewe.

"Basi polisi akiniruhusu kupita pale kwenye roboti, zile taa za barabarani, nami nikamwambia bai-bai, huwa nambembeleza alale?"

"Na yeye hulala?"

"Mmoja aliniambia nikue kwanza."

Aliitwa Burhani, fundi cherehani wa Jeppestown, naye pia wa Tanga. Basi lile lilimchukua dada yake Tabia, pamoja na Nasra, binti wa Tabia, kwenda kwa mume wa Tabia. Miaka mitatu nyuma, Burhani alipofika mjini bila Kiingereza hata cha kuombea maji, Tabia alikuwa akiuza mitandio mchana kutwa, na Burhani ndiye aliyempeleka Nasra kwa walezi wa watoto na kushinda naye huko. Kiingereza chake chote cha mwanzo alikipata pale, miongoni mwa watoto waliokuwa wakijifunza kutembea.

Mayasa aliomba ruhusa ya kumrekodi kwa simu siku ile, akiwaaga watu pale stesheni. Burhani alitia sahihi fomu juu ya goti lake. Hivyo akawa mshiriki wa tisa wa utafiti.

Mapenzi yao hayakuchelewa. Burhani alimshonea gauni la zambarau lenye mikono mirefu, akampima mara tatu kiuno kisichobadilika, na Mayasa akamuuliza ni fundi gani huyu asiyeamini futi kamba yake. Kila jioni walipigiana simu. Burhani alimtania kuwa msomi asiyejua kusonga ugali. Naye Mayasa akamtania kuwa mzee mwenye Kiingereza cha kunyonya. Mwisho wa kila simu Burhani alishusha sauti, akamwambia kwa upole uleule aliokuwa nao kwa Nasra: bai-bai, mpenzi, lala, ta-ta.

Mayasa alizirekodi simu hizo zote. Alijiambia kwamba fomu aliyoisaini Burhani haikuwa na tarehe ya mwisho, na kwamba elimu ya kweli ilihitaji sauti ya kweli. Aliyaamini hayo kwa moyo safi, na ndiyo maana hakuona haja ya kumuuliza tena.

Mwezi Septemba aliwasilisha utafiti wake katika ukumbi wa chuo, Braamfontein, akiwa ndani ya gauni la zambarau. Alimwalika Burhani, akidhani kwamba kumwalika ni kumheshimu. Burhani alikaa nyuma na koti lake la kijivu. Mayasa alisoma kwamba mshiriki wa tisa, mwanamume wa miaka ishirini na saba, hutumia maneno ya watoto wachanga kuwaagia hata watu wazima. Kisha akabonyeza kitufe. Sauti ya Burhani ikajaa ukumbi. Bai-bai, mpenzi. Lala. Ta-ta.

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama anavyochekewa mtoto. Burhani akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka.

Kwa wiki tatu hakupokea simu. Mwishowe Mayasa alikwenda Jeppestown mchana, akapita magereji na kelele za vyuma, akamkuta ameinamia suruali ya mteja. Burhani alimkaribisha kwa Kiingereza cha kuwakaribishia wateja, kilichonyooka, kisicho na neno hata moja la kitoto. Hilo lilimuuma kuliko kama angemfukuza.

Mayasa alimwambia kwamba ameiondoa sura nzima ya utafiti iliyomhusu. Kwamba mwalimu wake ameahirisha shahada yake hadi mwakani, na baba yake, Mzee Othmani, aliyekwisha kuwaalika ndugu kutoka Tanga kwa mahafali, hasemi naye.

"Umejiadhibu," Burhani alisema, sasa kwa Kiswahili. "Mimi nimepata nini?"

"Nilificha jina lako, Burhani. Sheria ya utafiti inakulinda."

"Jina ndilo ulilolificha. Moyo wangu umeuweka hadharani. Pale stesheni uliniuliza, nikakubali. Baada ya hapo hukuniuliza tena."

Mayasa alimuuliza anataka afanye nini.

"Nikizungumza nawe, nataka niwe nazungumza na mtu mmoja."

Mayasa aliiweka simu yake juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akafuta rekodi moja baada ya nyingine mbele yake, na hata alipofika ile ya mwisho, ambayo alikuwa akiisikiliza peke yake tangu siku ya ukumbini, hakuomba aachiwe. Burhani alizitazama zikitoweka. Uso wake haukulainika mara moja.

"Sijasema imekwisha kuniuma," alisema. "Lakini Jumapili nitakuja Mayfair. Baba yako aelezwe kwa nini shahada imechelewa, na anieleze mimi anataka mahari gani."

"Atakuuliza wewe ni nani," Mayasa alisema, machozi yakimlengalenga.

"Wewe ndiye utakayemjibu. Mwambie jina langu, na la baba yangu."

Burhani alimsindikiza hadi mlangoni, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake. Hapo akainama sikioni kwake, akamuaga. Maneno aliyotumia hayakurekodiwa, hayakuandikwa daftarini, wala hayataandikwa hapa.